Mtu Aliyekataa Sufuri Yake

Redio ilinipa habari hizi Jumanne mchana, tonge la ugali likiwa mkononi. Matangazo ya vifo, kama mjuavyo, yana desturi zake. Mtangazaji huanza na jina la marehemu, akaja kijiji, akaja kata, halafu akateremka kwenye ukoo: mume wa fulani, baba wa fulani wa Nairobi na fulani wa Mombasa, shemeji wa fulani aliyekuwa mwalimu mkuu, mjomba wa fulani wa posta, mpaka ukoo umalizike nawe umeshasahau ni nani aliyekufa. Mimi sikusahau. Niliposikia jina lake niliacha kutafuna, nikangoja wataje kazi aliyoifanya maisha yake yote. Wakasema alikuwa "mfanyakazi mstaafu wa serikali". Basi! Mfanyakazi mstaafu wa serikali, sawa na wale waliolalia meza za ofisi tangu uhuru mpaka wakapewa saa ya ukutani na kuagwa! Nilianza kuigombeza redio kwa sauti, mke wangu akatoka jikoni kuangalia mgeni gani amenikosea. Nikamwambia, "Yule bwana wa sungura amekufa, na hawa hawajasema hata neno moja juu ya sungura." Mke wangu akakaa kitini, akasema, "Yawa, yule mzee alinichekesha sana." Kwa hiyo leo, wasomaji wangu, nayaacha gugumaji na barabara mbovu, mambo ambayo nimewachosha nayo mwaka mzima, niwaeleze habari za mtu aliyekuwa akihesabu sungura.

Sisemi wale weupe wanaofugwa kwenye vibanda na watoto wa shule. Nasema sungura wa pori, yule ambaye Wajaluo humwita apuoyo, mwenye masikio marefu na miguu ya nyuma kama chemchemi ya kitanda, anayekurupuka miguuni pako na kukuacha umeshika kifua. Huyo ndiye rafiki yangu aliyekuwa akimhesabu, mlimani na bondeni, kiangazi na masika, na alilipwa mshahara kwa kazi hiyo. Tulikutana katikati ya miaka ya themanini katika hoteli ya chai pale Kondele, hapa Kisumu. Mimi nilikuwa ripota kijana mwenye sigara mdomoni bila kiberiti, na hiyo ndiyo iliyokuwa hali yangu ya kawaida. Yeye alikuwa amekaa peke yake na chai na mandazi, mrefu, mwembamba, kofia imemkaa upande, na kando ya kikombe chake palikuwa na kiberiti. "Bwana, nisaidie moto," nikamwambia. Akanisukumia kile kiberiti. "Chukua, lakini hakitawaka." Nikakifungua. Ndani mlikuwa na vidonge vidogo vya mviringo, vya rangi ya kahawia, vikavu kama dengu. Nikamuuliza ni dawa gani ile. "Mavi ya sungura," akajibu, wala hakupunguza sauti. "Haya ni ya juu mlimani, ya kiangazi. Ya chini ninayo kwenye mfuko mwingine."

Mteja wa meza ya pili alisogeza sahani yake ya maharagwe. Mwenye hoteli, mama mmoja mnene aliyekuwa akikaanga mandazi pale mlangoni, alisikia vizuri sana. "Mzee! Hiyo kitu kwa hoteli yangu? Toa!" Yeye akamtazama kwa upole, akamjibu kwa sauti ile ile ya kawaida, "Mama, hizi ni nyasi tu zilizopita kwa sungura. Ni safi kuliko hicho kitambaa unachopangusia meza." Tulifukuzwa sote wawili, mimi ambaye sikuwa na kosa lolote isipokuwa kuomba moto, tukajikuta barabarani tukielekea Mamboleo huku tukicheka kama watoto waliotoroka shule. Mpaka tunafika njia panda alikuwa amenieleza mambo ya sungura mengi kuliko niliyoyataka, na nilikuwa nimeshaamua kwamba mtu huyu nitamwandika siku moja. Sikujua kama ingekuwa hivi, naye hayupo.

Niwaeleze kidogo kazi yenyewe, maana bila hiyo hamtamwelewa. Sungura wa pori mchana hulala ndani ya nyasi, masikio ameyalaza mgongoni, nawe unaweza kumpita karibu kabisa usimwone. Kwa hiyo huwezi kusimama mlimani na kuwanyooshea kidole kama abiria. Unahesabu walichokiacha. Rafiki yangu alichagua mlima mmoja nyuma ya Mamboleo, akaugawa sehemu tatu: juu kabisa, kwenye mawe na nyasi fupi, katikati, kwenye vichaka na mashamba ya njugu na kunde, na chini, kwenye nyasi ndefu na miwa inayoanza pale bonde linapotandaa. Katika kila sehemu alipima viwanja vidogo, akapigilia vigingi pembeni, akazungushia uzi, akaokota mavi yote yaliyokuwamo mpaka pakawa safi. Baada ya majuma kadhaa alirudi kuhesabu mapya. Palipokuwa na mengi, sungura walipita sana. Palipokuwa na machache, walipita kidogo.

"Ni rahisi hivyo tu?" nilimuuliza siku ile. Akasimama katikati ya barabara, mkokoteni ukamkwepa. "Ingekuwa rahisi kama si mvua," akasema. Kiangazi, akanieleza, mavi hukaa kama kokoto, hata miezi. Masika ikianza, yanalainika, yanaoza, na kuna wadudu wanaoyaviringisha na kuyafukia. Kwa hiyo ukiona mengi mahali, usikimbilie kusema hapa kuna sungura wengi, huenda ni pakavu tu. Ukikosa kitu, usiseme hakuna. Huenda mvua imekutangulia. Ili ajue yanadumu muda gani, aliyapanga kwenye mikebe uani kwake Nyamasaria, mingine chini ya paa, mingine kwenye mvua, na kila jioni akitoka kazini aliikagua kabla hata ya kumsalimu mkewe. Shemeji yangu huyo, Mungu amtie nguvu sasa, alikuwa na wimbo wake mmoja kila nilipowatembelea. "Wanaume wengine wa huku wanaleta samaki nyumbani. Mimi wangu analeta mavi ya sungura, na ananiambia nisifunike." Mzee akacheka, akasema samaki huoza upesi zaidi.

Lakini watu wa mlimani hawakuwa wakicheka. Palikuwa na kiangazi kirefu miaka ile, na mvua ilipokuja na njugu zikachipuka, watu waliamka na kukuta mistari mizima imekatwa kama kwa makasi. Msimu wa pili vivyo hivyo. Wakasema sungura wameongezeka, wamekuwa jeshi. Chifu akapeleka malalamiko, na mkubwa wa ofisi ya rafiki yangu, mtu wa suti aliyekuwa na haraka na kila jambo, akatoa dawa moja: mahindi yalowekwe kwenye sumu, yamwagwe kando ya mashamba. Rafiki yangu alimsihi. Mlima ule una kuku, akamwambia, una mbuzi na mbwa, una kanga wa porini, una watoto ambao huokota kila kitu na kutia mdomoni. Mkubwa akamjibu kwa ufupi: "Wewe si ndiye wa kuhesabu? Nipe hesabu. Sungura wakiwa wengi pale mashambani, sumu itawekwa. Wasipokuwa wengi, nitawaambia watu wamtafute mwizi mwingine." Baraza la kuamua lingefanyika kabla ya kupanda. Basi mambo yote ya mlima ule, kuku na mbuzi na watoto na sungura wenyewe, yakaning'inia kwenye vile viwanja vya uzi.

Msidhani aliwahurumia sungura kama mzungu anavyomhurumia paka. Nilimuuliza kama amewahi kumla. "Nimekula," akasema. "Ni mtamu, hasa akikaushwa kwanza kwa moshi. Mimi sipingi sungura kuliwa. Napinga auawe kwa kubahatisha." Na asiyebahatisha chochote mlimani kule alikuwa bibi mmoja mjane ambaye kila mtu, mkubwa kwa mdogo, alimwita Dani, yaani bibi. Dani ndiye aliyekuwa mlalamikaji mkuu. Shamba lake la njugu lilikuwa katikati ya mlima, ndilo lililomlisha yeye na wajukuu, na ndilo lililoliwa kuliko yote. Kila baraza alisimama. "Sumu inakuja lini? Au nyinyi mnangoja sungura aingie kwa nyumba anyang'anye mimi sufuria?" Watu walicheka, lakini yeye hakuwa anachekesha.

Siku chache kabla ya lile baraza, rafiki yangu alikuja ofisini kwetu amechangamka nisivyowahi kumwona. Alikuwa na hesabu ya msimu mzima. Juu mlimani, mavi yapo. Chini kwenye nyasi ndefu, yapo. Katikati, kando ya mashamba, alikohesabu tena na tena, hakuna. "Sufuri," akasema, na alilitamka neno hilo kama mtu anayetaja jina la mtoto aliyezaliwa asubuhi. Hata kidonge kimoja! Sungura hawafiki mashambani kabisa. Njugu zinaliwa na panya, au na ndezi, yule panya mkubwa wa kwenye miwa, au na mwizi wa miguu miwili. Sumu imekufa. Akaniomba nipande naye mlimani na kamera, anionyeshe vile viwanja, niandike, na gazeti litoke kabla ya baraza. Gari la ofisi lilikuwepo siku ile tu, kwa hiyo tukaondoka papo hapo.

Hapo ndipo penye jambo. Kwa kawaida hakwenda mlimani bila kutuma habari kwa naibu wa chifu, siku moja mapema, ili watu wafunge mbwa. Ndiyo, mtu huyu ambaye aliweza kutembea kutwa nzima vichakani penye nyoka alikuwa anaogopa mbwa kama mtoto wa chekechea! Kila mtu mlimani alilijua hilo na wakalichukulia kama ugonjwa wa mgeni. Siku ile hatukuwa na nafasi ya kutuma mtu. Tukaliacha gari mahali barabara inapokwisha, tukapanda kwa miguu, mimi na yeye na dereva wa ofisi, yeye akiwa katikati yetu kwa ajili ya mbwa. Tulipotokeza penye shamba la Dani, tulimkuta Dani mwenyewe ndani ya uzi, ameinama, ufagio mkononi, anafagia.

Alikuwa anafagia kwa ustadi, kutoka pembe hadi pembe, kama uwanja wa mtu anayengoja wakwe. Rafiki yangu alisimama. "Dani, unafanya nini hapo?" Bibi akajinyoosha, mkono kiunoni, akafurahi kutuona ingawa alionekana kusikitika kwamba hatukumpa muda wa kumaliza. "Nakusaidia, wuoda," akasema, na neno hilo ni mwanangu. "Wewe kila ukikuja hapa unapiga magoti, unaokota mavi na mkono yako. Mtu wa serikali! Na una bibi nyumbani! Sisi wamama tukasema hapana, hii ni aibu yetu. Mgeni hawezi kukuja kwetu kutoa uchafu. Kwa hivyo tukisikia unakuja, tunafagia kwanza." Akamuuliza tangu lini. "Tangu ile siku ya kwanza. Hii yote, mpaka ile ya kwa jirani, hata ile iko kwa kichaka pale." Rafiki yangu akauliza tena. "Na mlikuwa mnakuta mengi?" Dani akapiga makofi. "Mengi? Yawa! Mingi! Tunajaza karai! Si tulikuambia hawa sungura ni jeshi? Kuja uone." Akatupeleka nyuma ya nyumba, na pale palikuwa na kitalu cha mboga ambacho sijaona kingine kama hicho katika maisha yangu, majani mapana kama mwavuli. Ushahidi wote wa msimu mzima ulikuwa umemwagwa pale na kugeuka sukuma wiki.

Nilicheka mpaka nikashika mti. Dereva alicheka mpaka akakaa chini. Rafiki yangu naye alicheka, tena kwa sauti kubwa, maana alijua kucheka. Na Dani akacheka kwa sababu wageni wake wamefurahi. Fikirieni ndugu zangu: mlalamikaji mkuu, mwenye kuitaka sumu kuliko mtu yeyote, amekuwa akifuta ushahidi wake kwa mkono wake mwenyewe kwa ajili ya adabu tu. Na wa kulaumiwa ni nani? Walimwona mgeni anasafisha, wakamsafishia. Wangapi wetu tumewahi kueleza kazi zetu kwa watu tunaofanyia kazi hizo? Halafu nikamwona rafiki yangu ameacha kucheka, na mimi nikaacha. Sufuri yake ilikuwa imekwisha.

Tulipokuwa tukiteremka dereva akasema lile ambalo sote tulikuwa tunaliwaza. "Boss, hii tunyamaze tu. Wewe unasema hakuna sungura, sumu haikuji, kuku wanapona, watoto wanapona, mama anakula mboga, sisi tunaenda nyumbani. Kuna mtu ameumia?" Mimi, niwaambie ukweli, ningenyamaza. Ilikuwa hesabu mbaya inayofanya kazi nzuri, na ni wangapi hufanya kinyume chake kila siku na hawakosi usingizi? Yeye aliendelea kuteremka mpaka garini. Akavua kofia, akaikung'uta. "Njugu zinaliwa au haziliwi?" akamuuliza dereva. Zinaliwa. "Basi nikisema hakuna sungura, yule bibi ataamka kesho kutwa amwone sungura shambani, na atajua mimi ni mwongo. Sumu iko dukani, mtu yeyote ananunua. Wataiweka wenyewe, popote, na siku hiyo nikipiga kelele nani atanisikiliza?" Dereva akawasha gari. Njia ya mwongo ni fupi, sote tumefundishwa hivyo tukiwa wadogo, lakini ni watu wachache huipima urefu wake kabla ya kuianza.

Baraza lilifanyika katika uwanja wa shule. Mkubwa wa suti alikaa kando ya chifu, naye alikuwa ameshaambiwa habari ya sufuri kabla haijafa, akaja tayari kuwatangazia watu wakatafute ndezi. Rafiki yangu akainuka, kofia mkononi. "Nilimwambia mkubwa wangu kwamba hakuna sungura mashambani. Hesabu hiyo ni mbovu, na mbovu ni kwa sababu yangu, sikuwaeleza watu ninachofanya. Mavi yalikuwepo, yalifagiwa. Sijui sungura ni wangapi. Naomba msimu mmoja nihesabu upya." Mkubwa alimtazama kwa macho ambayo sikuyapenda. Kisha mtu mmoja nyuma akapaza sauti, "Kama walikuwepo, si basi! Leteni sumu!" na uwanja mzima ukalipuka, sumu, sumu, sumu, na chifu akagonga fimbo yake mezani asisikike. Nilimtazama rafiki yangu. Alikuwa amejiponza mwenyewe mbele ya macho yetu, na ule mlima pamoja naye.

Aliyewanyamazisha ni Dani. Alipita katikati ya wanaume mpaka mbele, hakungoja kuitwa. "Mimi ndiyo nilifagia," akasema. "Sasa sikizeni. Huyu angenyamaza, nani angejua? Mimi singejua. Chifu hangejua. Angesema hakuna, na sumu hakuna, na yeye ameshinda sisi. Si ndiyo hiyo alikuwa anataka? Lakini amekuja kujisema, hapa, mbele ya mkubwa wake. Mtu namna hiyo akiniambia kitu tena nitaamini, hata kama ni kitu sitaki kusikia. Njugu yangu imeliwa, na mvua hii italiwa tena, najua. Nampa hii mvua moja. Nyinyi mnapiga kelele, nani kati yenu amepoteza njugu kuliko mimi?" Kisha akamgeukia rafiki yangu. "Na wuoda, wacha kuogopa mbwa yangu. Hiyo mbwa haina meno." Watu wakaangua kicheko, hata mkubwa wa suti alijikuna pua kuficha kinywa chake, na chifu, aliyekuwa mwepesi wa kunusa upepo, akatangaza kwamba sumu itangoja msimu mmoja.

Msimu huo wanawake wa mlimani walivilinda vile viwanja kama mahari. Mbuzi hakuvuka uzi. Naibu wa chifu mwenyewe alipoukanyaga bahati mbaya alifokewa mpaka akaomba radhi. Na hesabu ilipokuja, Dani alikuwa na haki: sungura walikuwa wengi mashambani, wengi sana, wakati ule ule njugu zinapochipuka. Lakini katikati ya mvua walipungua, na juu mlimani, ambako mwanzoni mwa mvua hiyo hakukuwa na kitu, wakaonekana tena. Akatoa ile mikebe ya Nyamasaria, akafidia kile ambacho mvua ilikuwa imeozesha, na bado ikawa hivyo. Sungura hawakuwa wameongezeka, walikuwa wamehama. Kila mwaka kabla ya mvua watu waliyachoma majani yote ya juu ili nyasi mpya ziote kwa ajili ya ng'ombe. Sungura waliobaki bila chakula na bila pa kujificha walishuka chini, na cha kwanza walichokikuta kibichi ni njugu ya Dani. Nyasi za juu zikiota, walirudi kwao.

Dawa yake ikawa ndogo hata ikakera. Wasichome mlima wote kwa mara moja; waache vipande vya nyasi juu, na wazungushie mashamba ya karibu miiba mpaka njugu zipate nguvu. Wazee walibishana sana, kwa maana kuchoma kulikuwa desturi, lakini wakajaribu. Msimu uliofuata nilipanda tena na yeye kutazama. Njugu za Dani zilikuwa zimesimama mstari kwa mstari. "Bado anakula kidogo," Dani alituambia. "Lakini kidogo hata mgeni anakula." Sumu haikuletwa mwaka ule, wala mwaka uliofuata, na baadaye mkubwa wa suti akahamishwa na jambo lenyewe likasahauliwa ofisini. Siku hiyo tulipewa ugali na mchuzi wa nyama ambayo hatukuuliza ni ya nini. Rafiki yangu alilamba vidole akaomba mfupa mwingine.

Miaka imepita, na sasa nikitazama naona sote tumekuwa wahesabu. Tangu vyama vilipokuwa vingi, kila mkutano wa hadhara hapa Kisumu una hesabu mbili za umati: ya wenyewe na ya wapinzani wao, na ukienda uwanjani unakuta watu wale wale waliokuja kutafuta kivuli. Wavuvi wanasema samaki wamekwisha, wafanyabiashara wanasema wamejaa, na kila mmoja ana karatasi. Kuhusu gugumaji nimesikia kwamba limepungua kutoka kwa watu ambao hawajashuka ufuoni tangu Krismasi. Sisemi watu hawa wote ni waongo. Wengi wao, kama rafiki yangu siku ile alipokuja ofisini kwangu akimeremeta, wanaamini kabisa. Kipenda roho hula nyama mbichi, na hesabu tunayoipenda tunaimeza bila kuipika.

Mwaka jana nilimtembelea Nyamasaria. Miguu ilikuwa imevimba, hapandi tena mlima hata kwa kuota. Tukanywa chai, shemeji akaturushia maneno mawili matatu kama kawaida yake, tukacheka. Nilimuuliza jambo ambalo sikuwahi kumuuliza: siku ile, akisimama mbele ya baraza na watu wanapiga kelele za sumu, hakujuta? "Nilijuta," akasema. "Nilitamani ardhi inimeze. Lakini kosa langu halikuwa la siku ile, lilikuwa la miezi yote ya nyuma. Kama ingekuwa ni hesabu mbaya kwangu, kwamba sungura wamejaa mashambani, ningelala huko, ningekagua kila kiwanja, ningeuliza kila mama. Kwa kuwa ilinifurahisha, sikuuliza mtu hata mmoja."

Ijumaa tunamzika. Nimeyashika maneno yake hayo, na nawaachia nanyi, maana sina kingine cha kumpa. Habari inayokuudhi, hakuna haja ya kufundishwa kuichunguza. Utaichunguza mwenyewe, na usipofanya wewe, wapo wengi wa kukusaidia. Ile inayokupendeza haina adui. Hiyo ndiyo ya kuivalia viatu ukapanda nayo mlimani, bila kutuma habari mbele.